Mkato wa Kilomita Kumi na Tisa

Jumatatu, 10 Februari. Makambako.

Baba mkwe katoka hospitali. Si kwa kupona. Daktari alituita pembeni mimi na Konsolata, akavua miwani, akasema mzee arudishwe kwake akapumzike na watu wake. Nikamuuliza apumzike mpaka lini. Konsolata akanikanyaga mguu.

Kwake ni huko nyuma ya Uwemba, kitongoji cha mwisho kabla ya msitu. Mama mkwe, Mama Dorosela, yuko huko na nyonga iliyovunjika tangu Oktoba. Hawezi hata kufika barabarani. Hawajaonana wiki kumi na moja. Mzee Lukas hana ombi lingine. Hataki supu, hataki redio. Anasema anataka afike kwa mama wakati ulimi wake bado unaweza kumwita jina. Konsolata akakimbilia jikoni kulia.

Halafu nikajiambia: Anania, hii ndiyo nafasi yako!

Naeleza kwa kumbukumbu. Mzee Lukas ana mabinti wawili. Emilia kaolewa na Anthony, Konsolata kaolewa na mimi. Kwa hiyo mimi na Anthony ni wanyumba, na mwanyumba ni mtu uliyepewa bila kuulizwa. Anthony ni Mkatoliki kama wao. Anaimba besi. Ana gari, Noah. Ameendesha magari ya magogo miaka kumi na minane. Mzee anamwita mwanangu. Mimi Mlutheri, nina duka la fotokopi karibu na stendi, na mzee ananiita mkwe. Miaka kumi na tatu, mkwe! Siku moja mbele za watu aliniita wewe wa fotokopi.

Jioni Anthony kapiga simu. Kesho saa mbili anakuja na Noah, anapita lami mpaka Njombe, anakunja kwenda Uwemba, saa tano mzee yuko kitandani kwake. Basi. Hakuna mpango, hakuna utafiti, hakuna picha ya satelaiti hata moja. Kama anapeleka gunia la viazi! Nikamwambia tukae kikao kwanza.

Nimefungua ramani kwenye simu. Nimekuza upande wa Uwemba. Wingu jeupe limekaa juu ya nusu ya msitu, halisogei. Nimerudi kwenye picha za nyuma, za kiangazi. Kweupe! Naangalia mpaka macho yanatoa machozi.

Jumanne, 11 Februari.

Nimeipata!

Ukiacha lami kabla ya kufika Njombe mjini, ukaingia kushoto, ukapita nyumba chache na shamba la parachichi, kuna mstari mweupe unaopasua msitu wa misindano. Umenyooka! Mkoa huu sijawahi kuona barabara iliyonyooka hivi. Zetu zote zinapinda kama utumbo. Huu unashuka moja kwa moja hadi kwenye kijito, unaingia chini ya kivuli cha miti, ambapo bila shaka pana daraja, unatokea ng'ambo, na ng'ambo hiyo ndiko kwa mzee. Nimepima mara nne. Mkato wa kilomita kumi na tisa.

Na hakuna tuta hata moja. Matuta ndiyo silaha yangu. Jana kutoka hospitali hadi hapa nyumbani kuna matuta matatu, na mzee alilia kwa kila tuta, maana ugonjwa umekaa kwenye uti wa mgongo. Nimehesabu matuta ya njia ya Anthony kwa satelaiti. Thelathini na nane.

Kikao saa nne. Anthony alishafika, na godoro alishalitandika ndani ya Noah bila ruhusa ya mtu. Nikatoa hoja zangu zote. Alisikiliza huku anatafuna njiti ya kiberiti. Akasema huo msitu ameuingia na magari ya magogo kwa pande zote nne, na barabara ya kutokea kwa mzee haijui. Akaniuliza nani kaniambia. Nikasema picha. Akauliza, mtu gani nimemuuliza, mtu, mwenye miguu. Nikasema tena picha. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Mbele ya mke wangu!

Halafu akaleta ile habari ya kwaya. Kila mara lazima ailete. Ni kweli mwaka jana niliiongoza kwaya ya usharika wetu kwa ramani na ikafika kwenye machimbo ya kokoto. Mara moja tu! Na hakuna aliyeumia isipokuwa kinanda.

Mzee alisikia yote kutoka chumbani. Akauliza swali moja tu: matuta mangapi huku, na mangapi kule. Nikajibu. Akasema basi tupite kusiko na matuta. Konsolata akaniangalia, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia satelaiti haina sababu ya kudanganya mtu.

Anthony akakunja godoro. Akasema hata hivyo atatufuata nyuma na Noah, kwa usalama. Kwa usalama! Ili mzee akishuka, cha kwanza kuona kiwe Noah! Nikamwambia maandalizi bado, tutaondoka Ijumaa. Sisi tutaondoka Alhamisi. Huo si uongo. Ni ratiba mbili.

Mzee aliniuliza kwa nini si leo. Nikamweleza kuhusu utafiti. Akageukia ukutani.

Jumatano, 12 Februari.

Siku ya kuchapa ramani. Umeme ukakatika saa mbili asubuhi. Ukarudi saa tisa alasiri. Nilikaa dukani nimeshika karatasi kubwa mkononi kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Konsolata alikuja dukani saa tano. Akasema kama nipo nipo tu, nichukue bodaboda nikaione hiyo barabara kwa macho, siku nzima ipo. Nilicheka. Nikakikague kwa macho mawili kitu ambacho satelaiti imeshakikagua kutoka mbinguni? Akasema baba amekataa uji. Vijiko viwili tu, na cha pili alikitema. Akaondoka bila kuniaga.

Mama Dorosela kapiga simu mchana. Amewaomba majirani wahamishe kitanda cha mzee hadi chumba cha mbele, kielekee mlango. Blanketi limefuliwa, linakauka jikoni kwa moshi maana jua hakuna. Akauliza tumeshafika wapi. Alidhani tuko njiani! Nikamwambia kesho, nikamweleza kuhusu matuta na mkato. Akasema, Baba Brightness, njia yoyote ni nzuri ilimradi anafika. Brightness ni binti yetu, yuko shule ya bweni. Mama hajawahi kuniita kwa jina langu.

Umeme uliporudi nikachapa kwa rangi, nikapitisha kwenye mashine ya plastiki. Inang'aa! Nikampelekea mzee kitandani. Akaishika kwa mikono miwili. Akaweka ukucha kwenye ule mstari mweupe, akaufuata taratibu kutoka juu mpaka kwenye kijito. Macho yake yalipata uhai. Akasema:

"Hii nimefyeka mimi. Miaka ishirini na saba."

Nilitaka kuruka! Mzee alifanya kazi kwenye mashamba ya miti maisha yake yote. Kumbe barabara yenyewe kaitengeneza yeye! Ushahidi gani tena? Nikamwita Konsolata aje asikie. Mzee alitaka kuendelea kusema, akashikwa na kikohozi. Nikamwambia apumzike, asijichoshe, tumeshamwelewa.

Alhamisi, 13 Februari. Saa kumi na mbili asubuhi.

Tunaondoka. Ukungu mzito, manyunyu. Simu imejaa chaji. Mzee kaomba avalishwe soksi za sufu alizofumiwa na mama. Leo Makambako na Njombe zitajua Anania ni nani.

Ijumaa, 14 Februari. Nyuma ya Uwemba.

Jana sikuweza kuandika tena. Naandika leo, nje ya nyumba ya Mama Dorosela, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa, kwa sababu watu wameanza kusema.

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Mzee alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Konsolata. Kila tuta aliguna, na mimi nilitaja namba kwa sauti ili ajue yamebaki mangapi. Kwenye tuta la tisa Konsolata aliniomba ninyamaze.

Tukaacha lami. Nyumba chache, zipo. Shamba la parachichi, lipo. Na ule mstari, upo! Kama kwenye picha! Yule mama anayesema ndani ya simu akaanza kudai tugeuke, tugeuke. Si kosa lake. Barabara yetu bado haijaingizwa kwenye kitabu chake. Nikamzima sauti.

Nataka iandikwe kwamba ile njia ilikuwa laini. Nyasi fupi, zilizofyekwa juzi juzi. Misindano kushoto na kulia imejipanga kama watoto wa gwaride. Hakuna shimo, hakuna tuta, hakuna mtu, hakuna hata alama ya gurudumu. Mzee aliacha kuguna. Zile dakika kumi zilikuwa bora kuliko zote za ndoa yangu.

Halafu mzee akasema, "Mkwe, geuza."

Nikamwambia tunakaribia. Akasema njia hii haiendi kwa watu. Nikajua ni homa. Konsolata akasema baba anataka tugeuze. Nikamweleza kwamba mgonjwa akiwa kwenye gari mara nyingi huchanganyikiwa upande, na kwamba jana mzee mwenyewe kakiri kuwa barabara ni yake. Mvua ikaanza hasa. Nikawasha waipa.

Ndipo mzee akajiinua kwa kiwiko. Niliona uso wake kwenye kioo. Akasema:

"Mwanangu, geuza gari."

Mwanangu!

Miaka kumi na tatu! Sikukuu zote nilizopeleka sukari na mche wa sabuni! Machozi yakanitoka, njia sikuiona vizuri. Konsolata anasema nilikanyaga mafuta. Sikumbuki. Inawezekana. Mzee akarudia, mwanangu, geuza. Na mara ya tatu akasema mwanangu tu, akalala.

Baada ya kilomita kumi na nne mstari ukaanza kushuka. Udongo mwekundu, mvua, mteremko. Nilishika breki na gari halikujali. Tuliteleza polepole, kwa heshima kabisa, mpaka pua ikaingia kwenye matete. Mbele ni kijito. Daraja hakuna. Nilichokiona kwenye picha ni kivuli. Kulikuwa na ulalo tu, magogo mawili ya kupita mtu kwa miguu. Ng'ambo mstari unaendelea, mweupe, umenyooka. Kwa hiyo picha haikukosea.

Akatokea mlinzi wa msitu, mtu mzima, anaitwa Nahumu, kajifunika nailoni, panga mkononi. Akaangalia magurudumu, akaangalia ramani yangu, akaniangalia mimi. Akauliza tunatafuta nini. Nikasema barabara ya kwenda ng'ambo. Akasema hapa hakuna barabara. Hii ni njia ya kuzuia moto. Hufyekwa kila mwaka ili msitu ukiwaka moto ukose pa kurukia. Nikamuuliza kwa nini basi inaishia kwenye maji. Akasema kwa sababu moto nao unaishia kwenye maji. Aliongea taratibu kama anaongea na mtoto.

Halafu akachungulia ndani, akavua kofia. Akasema, "Shikamoo, nyapara." Kumbe mzee alikuwa nyapara wake! Mzee akafumbua macho, akaitikia, akasema, "Nimemwambia huyu."

Nahumu akasema kwa mzee ni hapo tu. Tunavuka ulalo, tunapanda, tunapita kwenye miti ya miwati, tumefika. Akasema kuna wenzake wanapogoa miti hapo juu, awaite, wakate miti miwili, wafunge machela kwa blanketi, wambebe. Wagonjwa wote wa huku hubebwa hivyo. Konsolata alishakitambua kijito. Alikuwa anavua viatu.

Nikakataa. Naandika sababu zangu. Kwanza, hapo tu ya mtu wa kijijini naijua. Nimewahi kutembea hapo tu ya saa tatu. Pili, simu ilisema kwa barabara kutoka pale mpaka kwa mzee ni kilomita arobaini na moja. Kati ya satelaiti na mtu mwenye panga, nani amepima? Tatu, mvua. Mgonjwa angelowa. Nikawaambia wasimguse mpaka nipande mlimani nipate mtandao nitafute njia mbadala. Nikachukua na ufunguo wa gari.

Nilipanda na matope. Juu nikapata mtandao, kijistari kimoja. Nakiri kwamba niliitazama namba ya Anthony. Niliitazama kwa muda. Halafu nikafungua picha ya satelaiti. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Nusu ya msitu ikafunguka na nusu nyingine ikabaki ya kijivu. Nikasubiri. Kwenda na kurudi, dakika hamsini.

Niliposhuka niliwakuta wanaume wanne na Nahumu. Konsolata hakunisubiri. Machela ilikuwa imeshafungwa, miti miwili na blanketi letu la kijani. Wote walikuwa wamevua kofia, mvua inawapiga vichwani. Nikadhani wananisalimu. Nikawajibu salamu.

Konsolata alikuwa bado kwenye kiti cha nyuma. Hakuwa analia. Alikuwa anamchana baba yake nywele kwa vidole.

Nahumu akaniambia mzee amepumzika, wakati wao wanakaza fundo la mwisho. Aliomba mlango ufunguliwe. Akaitazama misindano, akasema imeshafika kuvunwa. Basi, hakusema tena.

Wakambeba. Ulalo, mpando, miwati. Mimi nilikwenda nyuma na ramani. Nilipima bila kukusudia. Dakika ishirini na saba.

Mama Dorosela alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, kavaa kitenge kipya. Ile ndiyo njia ambayo mzee alirudia nyumbani kutoka kazini maisha yake yote. Mama aliiona machela ikitokea kwenye miti. Akaziona zile soksi za sufu. Akapaza sauti kwa furaha: "Kamwene, Lukas!" Akaongeza kwamba amechelewa, chai imepoa.

Wabebaji waliangalia chini. Akamsalimu mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Ndipo Konsolata akamfikia.

Iliniuma. Naandika wazi, iliniuma mpaka magotini. Mikono sikujua niiweke wapi.

Lakini dakika ishirini na saba!

Jumamosi, 15 Februari.

Mazishi. Anthony kapanga kila kitu. Jeneza, padri, maturubai, pombe ya ulanzi ya wachimba kaburi. Hajanitukana. Ningependa anitukane. Kaniuliza jambo moja tu, nilikaa mlimani muda gani. Nikamwambia dakika hamsini. Alizihesabu kumi kumi kwenye vidole vyake, mkono mmoja ukamtosha, akaondoka.

Mimi nilipewa kazi ya kuelekeza magari pa kuegesha. Kazi ndogo, lakini nikaifanya kitaalamu. Kwenye picha, upande wa mashariki wa nyumba kuna uwanja mtupu. Nikapeleka huko magari yote kumi na moja. Siku hizi ni shamba la viazi la jirani, Flora. Alipiga yowe kubwa kuliko lile la kaburini. Basi la kwaya limezama mpaka sasa.

Konsolata ananisemesha kupitia dada yake. Emilia anakuja, anasema Konsolata anasema kula. Nakula.

Nimewaambia watu watatu kwamba mzee mwishoni aliniita mwanangu. Mara tatu, kwa kinywa chake. Wa tatu kumwambia alikuwa Anthony. Akaniuliza aliniambia mwanangu nini. Nikamjibu, mwanangu, geuza gari. Akaenda nyuma ya nyumba, na nilimsikia akilia. Wivu ni kitu kibaya.

Alhamisi, 20 Februari. Makambako.

Nimerudi peke yangu. Gari limetolewa na trekta, limepinda bampa. Konsolata kabaki na mama yake mpaka arobaini. Kasema nirudi kwenye fotokopi zangu.

Nyumba kimya. Godoro la mzee lipo pale pale, na glasi yake ya maji, nusu. Sijaimwaga.

Nimefikiria sana juu ya kosa. Nimelitafuta kwa uaminifu, kwa sababu mtu asiyejichunguza hakui. Nimelipata. Ile barabara haikuwa kwenye ramani! Ingekuwa kwenye ramani, yule mama wa kwenye simu asingetuambia tugeuke, mzee asingeingiwa na hofu, sote tungekuwa na utulivu. Kuna sehemu ya kuwaandikia wenye ramani ukiona barabara imesahaulika. Nimewaandikia. Nimechora mstari wote kwa kidole, nimeweka na picha nilizopiga siku ile kabla mvua haijaanza. Nyasi safi, mstari umenyooka. Pale kijitoni palibaki pengo, likaniudhi. Nimeliunga.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi. Nyuma ya Uwemba.

Nimekuja kwa ajili ya ibada na kumwona Konsolata. Padri kanipaka jivu kipajini, kaniambia mimi ni mavumbi. Konsolata alikuwa mbele yangu kwenye mstari, hakugeuka.

Baada ya kanisa Mama Dorosela kaniita nikae karibu naye pale mlangoni. Nikaogopa. Akasema amesikia simu yangu inaonyesha dunia kutoka juu. Nimwonyeshe nyumba yake.

Nikamwonyesha. Bati, banda la nguruwe, njia ya kwenda kisimani. Akatambua kila kitu. Halafu akasogeza simu karibu na macho. Uani kulikuwa na kinukta cheusi. Akasema, huyu Lukas.

Nikamweleza kwamba picha hii ni ya kiangazi cha mwaka juzi, na kwa umbali huo inaweza kuwa ndoo. Akasema ndoo haikai pale. Pale hukaa Lukas saa za jua, anapukuchua mahindi. Kaburi kwenye picha halipo. Akamgusa kwa kidole, picha ikateleza, akampotea. Akashtuka. Nikamrudishia. Akamgusa tena, akapotea tena. Nikamrudishia tena. Tulifanya hivyo mara nyingi, sikumbuki ngapi. Sikuharakisha. Kwa jambo hilo nadhani nilitenda vizuri.

Kisha akaniambia nimwonyeshe mahali gari liliposimama. Nikamwonyesha. Akauliza kutoka pale hadi hapa mlangoni ni mbali gani. Nikapima kwa mstari wa moja kwa moja, maana kipimo kipo. Kilomita moja na mita mia sita.

Akasema aha.

Akasema, zamani walipokuwa wanachoma majani ya ile njia ya moto, yeye akikaa kwenye kiti hiki hiki aliuona moshi, akabandika maji ya chai. Kabla hayajachemka, Lukas yuko mlangoni. Niliona aibu, na aibu ilikuwa inazidi, na sikujua nimpe nini yule mama.

Hapo hapo simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa wenye ramani. Wamekubali!

Nikafungua. Ipo! Mstari mweupe hauko peke yake tena, una jina lake: Barabara ya Mzee Lukas. Nimeliandika mimi. Imeungana mpaka ng'ambo, na daraja lipo. Nikapiga hesabu ya safari kutoka Makambako, na yule mama wa kwenye simu hakusema geuka hata mara moja. Alisema nenda moja kwa moja. Nikamwonyesha Mama Dorosela jina la mumewe juu ya dunia. Akaniomba niizime simu. Amezidiwa na furaha, nadhani.

Arobaini ni Jumamosi ya tarehe 22. Wageni wa Makambako watakuja wengi, na kwaya ya Anthony inakuja na basi, na Emilia anawaleta wazee wawili wasioweza kutembea. Mvua bado ipo. Nimewatumia wote njia kwenye kundi la msiba. Kilomita kumi na tisa zimeokolewa, na hakuna tuta. Nimewaambia wasisumbuke kuuliza mtu.